Vijiko Vitatu vya Karafuu

Kosa la kwanza halikunigharimu hata shilingi. Mdogo wangu alirudi Tabora mwezi wa saba akitoka masomoni Uholanzi, na ndani ya begi alikuwa na chupa mbili ndogo za bia alizozivisha soksi ili zisivunjike njiani. Nikazitumbukiza zote mbili kwenye friza. Usiku tulipomaliza kula kuku wa pilipili, ile pilipili ya kumfanya mtu apenge kamasi mezani, nikatoa moja inakaribia kuganda, nikamimina, nikapiga funda refu kama nipigavyo bia yoyote ya Jumamosi.

"Dawa ya kikohozi hii," nikamwambia.

Hakubishana. Aliitoa ile ya pili kwenye friza, akaisimamisha juu ya kabati la vyombo, akasema tutainywa kesho saa kumi jioni, kabla mtu hajatia kitu mdomoni.

Kesho yake nilidhani amenibadilishia. Alimimina robo glasi tu, rangi yake kama asali ya miombo ile nyeusi, akanishika mkono nisinywe. "Nusa kwanza, kaka." Nikanusa. Ukoko wa mkate. Kisha sukari guru. Nilipoizungusha glasi kikatokea kitu cha tatu, kama jani la mkaratusi ulilolifikicha kidoleni, lakini kwa mbali, kama vile mtu kalifikichia chumba cha pili. Nilipoinywa, utamu ulikuja mbele na uchungu ukafuata taratibu nyuma ya ulimi, si ule uchungu mkavu wa bia tulizozoea. Ulikuwa wa majani. Nikakaa kimya. Nilikuwa nimemkumbuka bibi, na kile chumba chake cha nyuma alichokuwa anawekea vyungu, ambacho ukiingia unapokewa na moshi, asali na tangawizi kabla macho hayajazoea giza.

Ile ilikuwa Koyt, ya kiwanda cha Jopen cha mji wa Haarlem, na msingi wake ni mapishi ya mji huo ya mwaka 1407. Kilevi chake ni asilimia 8.5, jambo ambalo ningelisoma kwenye chupa ile ya jana kama nisingekuwa na haraka.

Mdogo wangu akanieleza mengine tukiwa tumekaa barazani. Kabla hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, haijaenea Ulaya, wapikaji wa nchi zile walitia bia yao mchanganyiko wa majani unaoitwa gruit. Lililokuwa maarufu kuliko yote ni jani la kichaka cha vinamasini ambacho Waholanzi wanakiita gagel, na mengine yaliongezwa kulingana na mahali. Watawala wakaona fedha hapo. Haki ya kuuza gruit ikawa ya bwana wa eneo au askofu, na mpikaji akalazimika kuinunua kwake, ikawa ni kodi iliyofichwa ndani ya chungu. Kule Bruges, Ubelgiji, kuna jumba kubwa la ukoo uliotajirika kwa haki hiyo, na mpaka leo linaitwa Gruuthuse. Hopsi ilishinda polepole kwa sababu moja ya maana sana, nami niliipuuza siku ile: uchungu wake unazuia bakteria wanaochachusha bia, kwa hiyo bia inakaa na inasafirishwa. Kufikia mwaka 1516 Bavaria, kule Ujerumani, waliandika sheria kwamba bia ni shayiri, hopsi na maji, basi.

Mimi nilichosikia katika yote hayo ni kwamba wazee wa Ulaya walikuwa wanaweka viungo kwenye pombe, na sisi viungo tunavyo, mtama tunao, asali ndiyo usiseme. Nikaamua kupika yangu. Mdogo wangu alikuwa anaondoka Novemba kwenda kuanza kazi Dar es Salaam, nikasema siku ya kumuaga tutaonja bia ya kihistoria ya Tabora.

Viungo nilinunua soko kuu kwa mzee mmoja ambaye familia yake imeuza viungo mjini hapa miaka na miaka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikaagiza karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga na tangawizi kavu. Aliniangalia juu ya miwani.

"Pilau ya watu wangapi, mwanangu?"

Mzee ni mtu wa swala tano. Ningemwambiaje? Nikasema, "Watu wengi kidogo, mzee."

"Nyama je, umeshaagiza?"

Nikasema nimeagiza. Uongo ukishaanza unadai na nyama.

Sasa upishi. Nilikuwa na maelekezo niliyoyapakua mtandaoni, nikanunua na kipimajoto cha jikoni, shilingi 25,000. Maelekezo yalisema: saga kimea, kiloweke kwenye maji ya nyuzi 67 kwa saa moja, chuja, utapata maji matamu. Nikafanya hivyo kwa kilo tano za kimea cha mtama, nikikichungulia kipimajoto kama muuguzi. Baada ya saa moja nilikuwa na maji ya rangi ya udongo yasiyo na utamu wowote. Nikarudia na kilo tano nyingine. Vilevile. Kilo kumi za kimea, na sufuria kubwa la mke wangu limeungua chini.

Ikabidi niende Ndevelwa kwa shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Uji ulipika saa ngapi?" Nikamwambia sikupika uji. Akawaita wajukuu waje wamsikilize mwanaume anayepika pombe bila uji.

Ninaeleza hapa kwa sababu ndipo wengi mtakapokwama kama mimi. Maelekezo yale ni ya shayiri. Wanga wa mtama unahitaji moto mkali zaidi ili ulainike, na moto huo ukifika, ile nguvu ya kimea inayogeuza wanga kuwa sukari inakuwa imeshakufa. Kwa hiyo wanawake wanaopika wanatenganisha kazi mbili: unapika uji wa unga wa mtama uive kabisa, unauacha upoe mpaka unaweza kuzamisha kidole bila kukitoa mbio, ndipo unatia kimea. Shangazi hana kipimajoto. Alinionyesha kwenye sufuria ndogo: uji ulikuwa mzito wa kusimamisha mwiko, akanyunyiza kimea viganja viwili, akakoroga, na haikupita muda ule uji ukalegea wenyewe ukawa mwepesi kama maziwa, mwiko ukaanguka ukingoni. Nikaonja. Utamu. Nilicheka peke yangu pale jikoni.

Akakagua na kimea nilichobaki nacho. Akakimwaga kwenye ungo, akachambua punje zenye ukungu mweusi akazitupa, akanigombeza kwa kununua kimea ambacho bado kina vimizizi. Mtama ukichipua unatengeneza sumu kwenye machipukizi, ile ile inayoua ng'ombe wanaoingia kwenye mtama mchanga, na kila mfugaji wa huku anaijua. Kinachotuokoa ni kuukausha vizuri juani, kuufikicha vimizizi vitoke, kuupepeta, kisha moto. Usiruke hata hatua moja.

Kwa hiyo mara ya tatu nilipata lita 20 nzuri kabisa, na hapo ndipo nilipoziharibu.

Niliona karafuu ni vidude vidogo. Nikachota vijiko vitatu vya chakula, vimejaa, nikavitia kwenye sufuria pamoja na vijiti vya mdalasini, nikachemsha saa nzima, kwa hoja kwamba kinachochemka sana ndicho kinachokolea. Nyumba ilinukia vizuri mno. Jirani alipita akauliza kuna maulidi? Nikapoza, nikatia hamira ya mikate kijiko kimoja cha chai, nikafunika kwa kitambaa. Siku ya tatu povu likapungua, nikaamini imekwisha. Nikaongeza nusu lita ya asali ili ipate gesi, nikajaza kwenye chupa za kioo za juisi, nikakaza vifuniko na kuzipanga stoo. Ilikuwa Oktoba. Mnalijua joto la Tabora la Oktoba.

Ya kwanza ilipasuka usiku wa pili. Tulidhani ni mwizi kavunja dirisha. Nilipofungua mlango wa stoo ya pili ikapasuka mbele yangu, na kipande cha kioo kikajichomeka kwenye gunia la mchele kwa kimo cha paja. Sikuingia tena. Tuliufunga mlango, tukaziacha zipasuke zenyewe mpaka asubuhi, kila baada ya muda puu!, na mtoto wa mwisho akawa anahesabu. Katika chupa 24 zilibaki kumi na moja. Nilizifungulia nje, nimejifunika blanketi zito na kuvaa helmeti ya bodaboda, hewa ikatoka kidogo kidogo.

Anayeng'ang'ania chupa basi asikie: tumia za plastiki za soda, ukibonyeza unajua hali ya ndani, ikiwa ngumu kama jiwe unalegeza. Subiri mpaka uchachukaji umekoma kweli, si povu kupungua tu, na kama ni lazima uongeze asali, gramu 150 kwa lita 20 zinatosha. Mimi nilitia zaidi ya mara nne ya hapo juu ya pombe ambayo bado ilikuwa na kazi yake.

Siku ya kumuaga mdogo wangu walikuja watu tisa. Nilikuwa nimejifunza kuhusu ubaridi na kuhusu kula kwanza, kwa hiyo niliwanyima chakula, kosa jingine, maana watu wazima walikaa saa nzima na njaa wakisubiri robo glasi. Nikatoa maelezo marefu ya Bruges na Bavaria. Wakanusa. Wakanywa. Kukawa kimya.

Shemeji yangu mmoja akasema, "Ulimi wangu umekufa ganzi."

Hakuwa anatania. Kile kinachotia ganzi jino ukiweka karafuu ndicho kilichokuwa kwenye glasi. Mtu wa tatu hakuweza kutofautisha bia na maji ya kusukutulia. Juu ya hapo ilikuwa imeshaanza kuchachuka, uchachu wa maziwa mgando, kwa sababu hakuna hopsi ya kuilinda. Mke wangu aliokoa jioni kwa kuleta ugali na samaki, na kreti la bia za kawaida likafuatwa kwa pikipiki. Yule aliyelifuata alikuwa bado hajaonja yangu, nashukuru, maana sikuwa na chombo cha kupima kilevi wala sijui kilikuwa asilimia ngapi. Aliyekuwa amekunywa glasi mbili kwa adabu tulimzuia asiendeshe, pikipiki yake ikalala kwetu.

Nilipojumlisha ilikuwa imeniondokea shilingi 163,000: kimea, unga, asali, viungo, chupa, kipimajoto, sufuria jipya la mke wangu. Iliyoniuma zaidi ni sura ya mdogo wangu alipokuwa anajitahidi kuisifia. Alisema ina "tabia".

Desemba nilirudi kwa mzee wa viungo kununua iliki ya chai. Akanisalimia kwa uchangamfu usio wa kawaida, akauliza pilau ilifanaje. Kabla sijajibu akaongeza, "Maana nasikia pilau yako ilikuwa inapasuka usiku." Tabora ni mji mdogo. Nikamwomba radhi. Akasema yeye hanywi na hatakunywa, na kinachoingia tumboni mwangu ni hesabu yangu, lakini karafuu zake zimepata jina baya mtaani na hilo linamhusu.

"Kahawa chungu unaijua? Dele zima linakaa na tangawizi kipande na iliki chache, na mtu anainusa kutoka ng'ambo ya barabara. Nani alikutuma uchemshe saa nzima? Harufu yote umempa jirani."

Akanieleza kwa mfano wa chai, bila kuitaja pombe hata mara moja. Maji yachemke, uyaepue, ndipo viungo viingie, ufunike, robo saa, uchuje. Karafuu ikikaa sana inatoa ukakasi. Mdalasini uwe gome zima ulilolivunja mwenyewe, si unga, unga unafanya utelezi. Kisha akahesabu karafuu nane kwa kidole, moja moja, akaziviringisha kwenye kipande cha gazeti, akakataa hela.

Nami nikaongeza langu, ambalo ningeanza nalo ningebaki na fedha zangu. Mwezi wa kwanza nilipika lita 20 kwa njia ya shangazi, bila kiungo hata kimoja. Pembeni nikaandaa chai: karafuu nane, kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole, tangawizi mbichi ya ukubwa wa gumba iliyopondwa, nusu lita ya maji. Siku ya tatu pombe ilipokuwa tayari nikaichuja, nikapanga glasi nne zenye mililita 200 kila moja. Ya kwanza sikutia kitu. Ya pili nikatia nusu kijiko cha chai cha yale maji ya viungo, ya tatu kijiko kimoja, ya nne viwili. Ukionja unaanza na isiyo na kitu, unapanda, katikati unasukutua kwa maji na kutafuna kipande cha mkate mkavu. Hata shule sikuwahi kufanya jaribio kwa utulivu ule. Nusu kijiko haikusikika. Viwili vilirudisha ile ganzi, kidogo. Kimoja ndicho: mtama kwanza, uchachu wake mwepesi, halafu mwishoni kabisa, ukishameza, karafuu inapita kama mtu anayepita mlangoni bila kuingia. Kijiko kimoja kwa glasi ni nusu lita kwa lita 20, yaani ile chai yote iliyobaki iliingia ndooni na kupungua kidogo tu.

Na hatukuweka chupani. Shangazi alishanijibu hilo siku nyingi: pombe ya mtama haitunzwi, inaitiwa watu. Wamarekani na Waingereza wanatafuta bia za kihistoria kwenye maandishi, nasi yetu haijawahi kukatika. Burton, yule msafiri Mwingereza, alipofika hapa mwaka 1857, wakati mji ukiitwa Kazeh, aliikuta pombe ya mtama na akaieleza kwenye maandishi yake. Mimi niliitafuta kwa kupitia Haarlem, na Ndevelwa kwa shangazi ni safari ya bodaboda tu.

Jambo moja kabla sijasahau, maana watu wameanza kuniuliza majani gani mengine waongeze. Usitie jani kwa sababu ni la asili. Baadhi ya mimea iliyotumika kwenye gruit kule kaskazini ni sumu ukizidisha, na sisi huku tuna miti tunayoijua kwa jina moja huku kijiji cha pili wanaita hivyo mti mwingine. Mimi natumia kile ambacho nakikuta kwenye chai au pilau, basi. Na waambie wageni umetia nini kabla hawajainua glasi. Mjamzito asionjeshwe hata kijiko, na asilazimishwe kueleza kwa nini anakataa.

Walioonja safari hii tulikuwa watano. Shangazi alikuja na kibuyu chake mwenyewe, hapendi glasi. Aliinusa muda mrefu kuliko mdogo wangu alivyowahi kuninusisha, akanywa, akatazama ukutani.

"Karafuu imekaa vizuri," akasema. Akanyoosha kibuyu kiongezwe. Aliponywa mara ya pili akakunja uso. "Kimea nani alikuoteshea?"

Nikamwambia nimenunua sokoni, nimekichambua kama alivyonifunza.

"Ndiyo maana. Kimelala kabla hakijakauka, kina harufu ya gunia. Hiyo karafuu unaifunika nayo."

Niliinusa tena yangu. Gunia lilikuwepo, chini kabisa. Nikamwomba anioteshee cha kwake, akasema msimu huu haiwezekani, mtama hauoteshwi mvua zikinyesha namna hii, hautakauka, nisubiri jua. Nimeshanunua kilo sita, ziko ndani ya debe, nimefunika na tofali juu kwa sababu ya panya. Leo asubuhi imenyesha tena.